Iringa au Ilinga, bibi anakosea?

Msomaji mmoja wa Mafinga kaniuliza hivi: "Mama yangu ni Mhehe, siku zote anasema naenda Ilinga, wajukuu wanamcheka eti bibi hajui kutamka. Yeye ndo anakosea?"

Kamwene ndugu yangu. Hakosei hata kidogo, na hao wajukuu waambie wakae wamsikilize vizuri, maana jina hilo limetoka kwenye neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Na ngome yenyewe haikuwa hapo mjini mnaposhukia daladala, ilikuwa Kalenga, kama kilomita 15 hivi kutoka mjini, ambako Mtwa Mkwawa, yaani chifu wa Wahehe, aliyazungushia makao yake ukuta wa mawe. Agosti 1891 aliwapiga Wajerumani pale Lugalo na kamanda wao Zelewski akafia hapohapo, basi wakarudi Oktoba 1894 na mizinga wakaiteka Kalenga, halafu wakajenga boma lao jipya kule juu kilimani, ndo mji wa leo, na jina la ngome waliyoivunja wakalihamishia huko. Kihehe kinatumia l, hiyo r imekuja na midomo na kalamu za wageni, ikaingia kwenye ramani ikabaki. Kwa hiyo bibi akisema Ilinga, anatamka jina karibu kabisa na lilivyokuwa kabla ramani haijachorwa. Mimi huwa naumia mtu wa hivyo akichekwa.

Ila kwenye kuandika andikeni Iringa, ndo rasmi, hapo sina ubishi. Na kwenye Kiswahili l na r lazima mzitenganishe kwa sababu zinabadili maana: kula ni kula chakula, kura ni ya uchaguzi. Juzi kwenye grupu la kamati ya harusi mtu kaandika "mahali imeshapelekwa", wa upande wa pili wakabaki wanauliza mahali gani tena, kumbe ni mahari. Hilo ndo kosa la kurekebisha, tena kwa upole. Jina la mji kwa Kihehe cha bibi ni kitu kingine.

Halafu muulizeni na Gangilonga, lile jiwe kubwa la pale mjini. Atawaambia ni jiwe linaloongea, na hapo akiwa na nafasi mwacheni aendelee, majina ya huko kwenu mengi yana maana na wenye kuyajua ni hao hao mabibi.