Hasi ya spika si bodi: kwenu mnaoanza kufunga amplifaya

Wadogo zangu wa Ndeeba na Kisekka hapa Kampala, bidii yenu naiona na naipenda. Lakini bado nawakuta mmelala chini ya dashibodi ya Premio mkikata nyaya za redio ya kiwandani bila mita ya umeme mkononi. Gari ni la mtu, na pesa ya sabufa kaitolea jasho.

1. Waya wa hasi wa spika usiufunge kwenye bodi, yaani chuma cha gari. Washa redio, weka mita kati ya waya mmoja wa spika na bodi: utasoma kama volti 6, nusu ya betri. Hamia waya wa pili, ni 6 vilevile. Redio inaisukuma spika kwa pande zote mbili, na hakuna upande uliokaa sifuri.

Kijana mmoja wa karakana ya jirani aliletewa Harrier na amplifaya yenye matundu ya RCA tu, yale ya duara ya kupokea ishara ndogo, si nyaya za spika. Akakata kebo ya RCA, kiini akakiunga kwenye chanya ya spika, ganda kwenye hasi. Lile ganda, ndani ya amplifaya nyingi, linafika kwenye bodi, kwa hiyo aliipiga shoti redio. Ikalia kidogo, ikanyamaza. Akazima, akawasha, ikalia tena, ikanyamaza. Hapo redio ilikuwa inajikinga, inamwomba aache! Yeye akadhani ni fyuzi, akaweka kubwa zaidi. Baadaye tukasikia harufu, na tukajua chipu ya sauti imekwenda. Redio ile ilibeba kamera ya nyuma na vitufe vya usukani, kwa hiyo kuweka nyingine yoyote tu haikuwezekana. Mwenye gari alipotoka kazini, kijana alisimama pale hana la kusema. Aliilipa kidogo kidogo kutoka kwenye ujira wake, na mimi hadi leo namhurumia, maana hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Basi nawaonyesha: tafuta amplifaya inayopokea nyaya za spika moja kwa moja, au weka konveta, kifaa kinachogeuza ishara ya spika iwe ya RCA. Konveta nayo ipime kabla ya kuifunga. Ikiwa hasi ya kushoto na hasi ya kulia upande wa spika zimeungana ndani, irudishe dukani.

2. Fyuzi ya waya mkubwa unaotoka betri kwenda amplifaya ikae karibu na betri, isipite sentimita 45. Kazi yake ni kuulinda waya usiwake moto, na waya ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi.

3. Pale unapofunga hasi ya amplifaya, bodi ikwanguliwe rangi hadi chuma king'ae. Mlio unaopanda ukikanyaga mafuta, anza kuutafuta hapo.

4. Harrier yenye mfumo wa sauti wa JBL ina amplifaya yake ya kiwandani imefichwa. Nyaya zinazotoka nyuma ya redio haziendi kwenye spika, kwa hiyo chukua ishara baada ya ile amplifaya.

5. Geni, ile skrubu ya amplifaya ya kuilinganisha na ishara ya redio, si volyumu. Hii naisema kila siku! Mteja anataka besi isikike kutoka Nateete hadi Wandegeya, nanyi mnaizungusha hadi mwisho. Mawimbi ya sauti yanakatwa vichwa na koili ya sabufa inaungua. Tena fanyeni hesabu: wati 1,000 za kweli zinadai karibu ampea 90, wakati alternata ya gari dogo huwa kati ya 80 na 100, na hapo kuna taa, feni na injini. Taa zikififia kila besi ikipiga, mwambie mteja ukweli kabla betri haijamlaza kwenye foleni ya Jinja Road.

6. Redio nyingi za magari ya Japani, hasa za zamani, husikia FM kuanzia MHz 76 hadi 90, ndiyo maana kwenye waya wa antena kuna kisanduku kidogo cha kushusha masafa. Msikikate mkitafuta njia. Waya wa rimoti, ule unaoiamsha amplifaya, uchukueni kwenye umeme unaozimika na ufunguo, la sivyo amplifaya italala macho usiku kucha na asubuhi gari halitawaka.