Stata nzito asubuhi, mashine inasema sensa: nianze wapi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Toyota IST ya 2004, injini 1NZ, naishi Njombe. Asubuhi nikipiga stata inazunguka kwa uzito, siku nyingine mpaka jirani anibustie betri. Likishawaka, mchana kutwa halisumbui. Taa ya injini nayo imewaka. Gereji wamepima kwa mashine, zimetoka kodi za makosa P0335 (sensa ya krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na P0340 (sensa ya kamshafti, shafti inayofungua valvu), na wanataka ninunue sensa zote mbili. Ninunue?

JIBU: Salama. Usinunue bado. Sensa haina uwezo wa kuifanya stata iwe nzito. Stata inakula umeme wa betri moja kwa moja kupitia waya mnene, kwa hiyo hata sensa ikifa kabisa injini huzunguka kwa kasi yake ileile, ila haishiki. Lako halizunguki vizuri, na hilo ni tatizo jingine.

Sensa ya krankshafti kwenye 1NZ ni sumaku na koili tu. Meno ya gurudumu yakipita mbele yake ndipo inazalisha umeme kidogo, na yakipita polepole umeme huo unakuwa hafifu. Wakati huohuo volti za betri zimeporomoka, kompyuta haielewi inachokiona, inaandika kosa. Sensa mbili kufa kwa mpigo ni nadra; mimi hutazama kwanza kinachozigusa zote mbili, yaani umeme.

Chukua multimita (kipima umeme), upime volti za betri asubuhi kabla hujawasha chochote. Betri iliyojaa husoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Kisha mtu apige stata huku ukitazama. Ikishuka chini ya 9.5, betri imechoka au haikuwa na chaji, kwa hiyo ichajiwe ijae na upime tena kabla ya kuitupa. Gari likiwaka, altaneta (inayochaji betri) itoe kati ya volti 13.8 na 14.5.

Betri ikibaki juu ya 10 na stata bado ni nzito, nenda kwenye nyaya. Wengi huruka hapa, wakabadilisha stata nzima bure. Weka ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri (nguzo yenyewe, si kibanio), nyingine kwenye chuma cha injini, stata ipigwe. Ikizidi volti 0.3, waya wa bodi (unaounganisha betri na chuma cha gari) au kibanio kina kutu. Upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi bolti ya stata, isizidi 0.5. Nyaya zikiwa safi, sasa ishushwe stata, zitazamwe kaboni (vipande vinavyopitisha umeme ndani yake) na bushi.

Na oili umeweka ipi? Kwa baridi ya Njombe ya Juni na Julai, oili nzito ya 20W-50 ndani ya 1NZ ni mzigo kwa stata. Injini hii inataka 5W-30, iliyo nyepesi.

Stata ikishachangamka, futa makosa kwa mashine, tembelea gari siku kadhaa. Zisiporudi, umeokoa pesa ya sensa mbili. Ikirudi P0335 peke yake, waambie gereji wasome mizunguko ya injini kwenye mashine wakati stata inapigwa. Ikionyesha sifuri huku injini inazunguka, kagua sensa ya krankshafti, iko chini karibu na puli. Fungua soketi yake kwanza: oili ikivuja huishia hapo, na pengine kuisafisha kutatosha.