Usiongeze kidonge kingine kabla hujapima asidi ya sayanuriki

Mkuu, hiyo ndoo ya pili ya vidonge iache dukani. Unasema umehamia kwenye nyumba yenye bwawa la kuogelea huko Mbezi Beach, kwamba maji yameanza kuwa ya kijani kwenye ngazi na pembeni ingawa kipimo cha matone cha klorini kinatoa njano iliyokolea kana kwamba klorini ni tele, na kwamba muuzaji amekuelekeza uongeze vidonge maradufu hadi maji yatakate. Ukauliza pia kuhusu pH (kipimo cha ukali wa asidi majini), saa za kuwasha pampu, na kama mashine ya kutengeneza klorini kwa chumvi inalipa. Hayo yatasubiri, kwa sababu ushauri huo wa kuongeza vidonge ndio ulionigharimu mimi maji ya bwawa zima, na siwezi kunyamaza nikiona mtu mwingine anauziwa balaa lile lile kwa bei mpya.

Vidonge vyeupe vikubwa vya gramu 200, vile vinavyowekwa kwenye kielezi, yaani chombo kinachoelea majini, kwa kawaida ni vya triklo. Soma kopo: ukiona jina refu linaloanza na "trichlor" au "dichlor", ujue klorini iliyomo imefungamanishwa na asidi ya sayanuriki, ambayo wauzaji huiita stebilaiza. Asidi hiyo ina kazi ya halali kabisa, kwani jua la pwani humaliza klorini isiyo na kinga ndani ya saa chache, na yenyewe ndiyo inayoikinga. Miligramu 30 hadi 50 kwa lita moja ya maji zinatosha. Shida ni kwamba klorini hutumika ikaisha, ilhali asidi ya sayanuriki hubaki. Haiondoki na mvuke, chujio la mchanga haliishiki, na jua haliifanyi kitu cha maana. Kila kidonge kinachoyeyuka huacha mzigo wake majini, na kinachofuata hutua juu ya mzigo uliokuwapo.

Fanya hesabu mwenyewe, maana mimi sikuifanya hadi nilipokwisha kulia. Bwawa lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 4 na kina cha wastani cha mita 1.5 lina lita 60,000. Humo, kidonge kimoja cha gramu 200 huongeza takriban miligramu 3 za klorini kwa lita, na pamoja nazo karibu miligramu 2 za asidi ya sayanuriki. Kwa jua letu, kidonge kimoja kwa siku si matumizi ya ajabu. Kwa mwendo huo mwezi mmoja unatosha kukufikisha kwenye 50, na mwezi wa tatu unaisha ukiwa umeshavuka 150, huku Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006 kuhusu mabwawa ikishauri kiasi hicho kisizidi 100.

Ikizidi, asidi hiyo huishikilia klorini kiasi kwamba sehemu inayobaki na nguvu ya kuua mwani na vijidudu huwa ndogo mno. Kanuni inayotumiwa na wenye mabwawa wengi ni kuweka klorini isiyopungua asilimia 7.5 ya asidi ya sayanuriki. Ukiwa na 40, miligramu 3 zinakutosha. Ukiwa na 160, unahitaji 12 wakati wote ili tu mwani usiote. Matone yako ya njano hayawezi kukuonyesha hilo, kwa kuwa yanapima klorini yote kwa jumla, ikiwamo ile iliyokwisha kuchoka kwa kuungana na jasho na mkojo wa waogeleaji. Hata kipimo bora zaidi, kile kinachogeuza maji kuwa ya waridi, huihesabu klorini iliyoshikiliwa kana kwamba iko huru. Klorini ipo kweli. Kazi ndiyo haipo.

Sasa yule aliyeniuzia, ambaye bado yuko kwenye biashara na bado ana tabasamu zuri. Maji yalipoanza kubadilika alisema vidonge havitoshi. Nilipoongeza na hali ikawa mbaya zaidi, aliniuzia unga wa kile alichokiita klorini ya mshtuko, nao ulikuwa ni dikloro, yaani asidi ile ile ya sayanuriki katika vazi jingine. Nilipomrudia tena, alitoa mrututu, yaani salfeti ya shaba. Nakiri kwamba mrututu uliua mwani. Uliacha pia madoa ya samawati kwenye plasta ambayo hayatoki kwa brashi wala kwa dua, na mjomba wangu aliyekuja kusherehekea Idi pamoja nasi aliingia majini na ndevu nyeupe, akatoka zikiwa na kivuli cha kijani. Tangu siku hiyo anasema bahari ya Mungu inamtosha. Katika safari zote hizo dukani, mtu huyo hakuniuliza hata mara moja asidi ya sayanuriki imefika ngapi, wala kipimo chake hakikuwapo kwenye rafu zake. Anayekuuzia dawa bila kuwa na kipimo anakisia, na anakisia kwa pesa zako.

Na si maji tu yaliyoharibika. Triklo yenyewe ni kali, na myeyuko wake una pH ya karibu 3. Ikitumika kwa muda mrefu bila mtu kuangalia, hushusha pH na kula ile akiba ya alikali inayoizuia isiyumbe. Bwawani kwangu grauti ilianza kupukutika kati ya vigae, na plasta ikawa inakwaruza nyayo. Pitisha kidole chini ya mstari wa maji leo hii. Ukihisi chengachenga za mchanga, hilo haliwezi kungoja.

Kwa hiyo nunua kipimo cha asidi ya sayanuriki kabla ya kununua kitu kingine chochote. Ni chupa ndogo ya dawa pamoja na mrija wenye doa jeusi kwenye kitako. Unachanganya dawa na maji ya bwawa, mchanganyiko unageuka mweupe kama tui jepesi, kisha unaumimina kwenye mrija kidogo kidogo, ukitazama kwa juu, hadi doa lisionekane tena. Namba iliyo kwenye kimo hicho ndiyo jibu lako. Fanyia nje mchana, jua likiwa mgongoni kwako. Doa likipotea mapema, mrija ukiwa bado karibu mtupu, umevuka 100 na kipimo hakiwezi kukuambia umevuka kwa kiasi gani. Hapo chukua kikombe cha maji ya bwawa na kikombe cha maji ya bomba, changanya, pima upya, halafu zidisha jibu kwa 2.

Ikiwa imezidi, dawa ya kuaminika ni kumwaga maji na kuweka mengine. Ukimwaga nusu na kujaza, 160 inakuwa 80. Ukirudia, inakuwa 40. Kwa bwawa la lita 60,000, hizo ni boza 6 za lita 10,000, na bei ya boza unaijua. Tafadhali usilimwage lote kwa mkupuo, hasa wakati wa masika. Ukanda huo wa pwani una sehemu nyingi ambazo maji ya ardhini yako juu, na bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini likapasuka au likanyanyuka kutoka ardhini. Nusu kwa nusu inachelewesha, lakini inakuachia bwawa mahali lilipojengwa.

Baada ya hapo, weka klorini isiyo na stebilaiza. Mimi natumia chembechembe za kalsiamu haipokloraiti za asilimia 65. Katika lita 60,000, kama gramu 92 huongeza miligramu 1 kwa lita. Ziyeyushe kwanza kwenye ndoo iliyokwisha kujazwa maji, uzimwage jioni jua likizama, pampu ikiwa inazunguka. Kama maji yako ni ya kisima na yana chokaa nyingi, klorini ya majimaji ni afadhali, mradi usinunue madumu yaliyokaa juani mbele ya duka, kwa sababu nguvu yake hupungua kwa joto. Jambo moja halina mjadala: chembechembe hizo zisikutane kamwe na vidonge vya triklo, iwe ndani ya kielezi, ndoo, au hata kijiko kilichotumika. Mchanganyiko huo huwaka, na huweza kulipuka.

Kuhusu pH, iweke kati ya 7.2 na 7.6. Inapofika 8, sehemu ya klorini yenye nguvu hupungua, kwa hiyo si jambo la kupuuza. Hata hivyo, usihangaike nayo leo, kwa kuwa maji mapya yatakuja na pH yao na utalazimika kupima upya.

Pima asidi ya sayanuriki kesho mchana, kisha andika hapa namba uliyopata, vipimo vya bwawa, na jina lililo kwenye kopo la vidonge kama lilivyochapishwa. Nitakuambia umwage lita ngapi. Na ukipita dukani kwa yule muuzaji, muulize yeye anapata ngapi.