Atoe Pumzi Kwanza: Kumuuguza Mwenye Emfisema Nyumbani

Mgonjwa wa emfisema, ugonjwa sugu wa mapafu, anapotweta, watu waliomzunguka humhimiza avute pumzi kwa nguvu. Wanasema hivyo kwa huruma, lakini humzidishia taabu. Shida yake kubwa iko katika kuitoa hewa: kuta za vifuko vidogo vya mapafu zimeharibika na kupoteza mnyumbuko unaoyafanya mapafu yanywee yenyewe, kwa hiyo hewa iliyokwisha kutumika hubaki ndani, na hewa mpya inapoingia haikuti nafasi. Kifua kimejaa, naye anahisi hana hewa. Nimemuuguza mama yangu hapa Bagamoyo kwa miaka kadhaa, na mengi yaliyomsaidia, kuanzia dawa hadi namna ya kusali, yanaeleweka vizuri mtu akishalijua jambo hilo.

Mama hajawahi kuvuta sigara. Tangu ujana wake alikaanga samaki ufukweni juu ya moto wa kuni na makumbi ya nazi, mpaka pumzi zilipomkatalia kunyanyua karai. Nalitaja hili kwa sababu wengi, hata baadhi ya watoa huduma, huuliza habari za sigara, na wakijibiwa kwamba hakuna, huacha kufikiria ugonjwa huu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 70 ya magonjwa sugu ya kuziba njia za hewa, ambayo emfisema ni mojawapo, hutokana na tumbaku. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, tumbaku huchangia asilimia 30 hadi 40, na moshi wa kupikia ni miongoni mwa visababishi vikubwa. Vumbi la kazini na makovu yaliyoachwa na kifua kikuu nayo huchangia. Mama alitibiwa pumu kwa muda mrefu, na kila kikohozi kilipozidi alishukiwa kuwa na kifua kikuu, ingawa makohozi yalipopimwa hayakuonyesha vimelea. Kilichomaliza ubishi ni kipimo cha spirometri, tulichokifuata Dar es Salaam. Mgonjwa hupewa dawa ya kutanua njia za hewa, kisha hupuliza kwa nguvu zake zote ndani ya mashine. Ikiwa hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya hewa yote aliyoitoa, njia zake zimeziba kwa namna ambayo dawa haiwezi kuifungua kikamilifu. Mwenye mzee anayetweta mwaka hadi mwaka aombe kipimo hiki kwa jina lake.

Kuta zilizoharibika hazirudi, na asiyekubali hilo mapema hutumia fedha nyingi kwa wauza dawa wanaoahidi kusafisha mapafu. Dawa za hospitali hutanua njia zilizobaki ili hewa itoke. Salbutamoli, mojawapo ya dawa hizo, ikiwa ya kuvuta hutoa mikrogramu 100 kwa kila mpulizo, wakati kidonge kimoja cha miligramu 4 kina kiasi hicho mara 40, na sehemu kubwa yake huzunguka mwilini ikiufanya moyo uende mbio na mikono itetemeke. Kwa hiyo dawa ya kuvuta ni bora, mradi ifike mapafuni, na hapo ndipo wengi hukwama: dawa huishia kooni. Mama tulimtengenezea chupa ya plastiki ya nusu lita, tukaitoboa kitakoni tundu linalokaza mdomo wa kopo la dawa, tukaziba pembeni kwa gundi ya karatasi. Hutikisa kopo, hutoa pumzi taratibu, huweka midomo kwenye shingo ya chupa, hubonyeza mara moja, huvuta polepole na kuzuia pumzi kwa sekunde 10 akiweza. Chupa huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe bila kufutwa, kwa sababu kuisugua huifanya ivutie dawa kwenye kuta zake. Ikiwa dawa ina steroidi, yaani dawa ya kupunguza uvimbe, asukutue na kuyatema maji, asije akapata utando mweupe mdomoni.

Pumzi zikimkaba, na aketi akiinamia mbele kidogo, viwiko juu ya magoti, avute kwa pua huku akihesabu hadi 2, kisha abane midomo kama anayepoza chai na kutoa hewa huku akihesabu hadi 4. Anayehema haraka huongeza hewa iliyonaswa ndani, na kifua huzidi kujaa. Zoezi hili afundishwe siku akiwa mzima, kwa sababu aliyekabwa hajifunzi kitu. Kuinama kabisa, kwa upande mwingine, hulisukuma tumbo juu na kukinyima nafasi kiwambo, msuli mkuu wa kupumulia ulio chini ya mapafu, ndiyo maana mama alikuwa akishindwa kuinuka katika sijida. Sasa anasali ameketi kitini, na dini imemruhusu mgonjwa hilo waziwazi. Wazee wengi huona haya kuanza, na ni wajibu wetu watoto kuwaletea kiti bila kungoja waombe. Kwa sababu hiyo hiyo ya tumbo, chakula kidogo mara nyingi humfaa kuliko sahani moja iliyojaa, ila asinyimwe samaki, mayai na maharage, kwani mwenye emfisema hukonda na misuli yake ya kupumulia hudhoofika.

Moshi lazima utoke nyumbani. Mkaa tuliuacha tukanunua jiko la gesi, na nimefurahi kuona Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 ukilenga kuifikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kilichokuwa kigumu zaidi ni udi na ubani, ambavyo katika nyumba ya pwani ni heshima kwa mgeni. Mimi huwaambia wageni mlangoni, "Tuwieni radhi, moshi unamkaba mama," na hakuna aliyechukia. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo ipishe chandarua.

Asilazwe kutwa. Misuli ya miguu isiyotumika huhitaji hewa nyingi zaidi kwa kazi ile ile, hivyo mgonjwa anayepumzishwa sana hutweta zaidi. Mama hutembea asubuhi kabla ya jua, hasa wakati wa kaskazi joto linapokuwa kali, akipita mitaa yenye nyumba za baraza ili aweze kuketi kila anapochoka.

Mwezi wa Ramadhani, dawa zisiachwe kimyakimya. Masheikh wanatofautiana kuhusu dawa ya kuvuta, basi mgonjwa amuulize sheikh wake na daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Dawa za kuvuta zinazofanya kazi kwa muda mrefu mara nyingi hupangika wakati wa futari na daku, na asiyeweza anayo ruhusa ya kufungua.

Makohozi yakiongezeka au yakigeuka manjano au kijani, na pumzi zikawa fupi kuliko kawaida yake, aende kituoni siku hiyo hiyo. Huenda akapewa vidonge vya steroidi viitwavyo prednisoloni vya siku 5 na antibiotiki. Akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikawa ya buluu, au akasinzia na kuchanganyikiwa, ni hospitali mara moja. Hapo mwambie muuguzi kwamba ana emfisema, kwa kuwa baadhi ya wagonjwa hawa hulimbikiza hewa chafu katika damu wakipewa oksijeni nyingi mno, na kiwango cha oksijeni ya damu kinacholengwa kwa kawaida ni asilimia 88 hadi 92 kwenye kipimo cha kidoleni. Akiruhusiwa kurudi nyumbani na mtungi wa oksijeni, jiko, kiberiti na chetezo vikae mbali na chumba chake.