Meza ya babu yako

Mwanangu mpendwa,

Nimeusikiliza ujumbe wako mara tatu. Unasema huko chuoni Ohio mmebishana juu ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa Juni 2023, uliovizuia vyuo kuzingatia rangi ya mwombaji, nawe ukabaki njia panda: "Mama, kama ubaguzi ni kutazama rangi, dawa yake si kuacha kuitazama? Si ndivyo alivyotufundisha Mwalimu?"

Nianze na babu yako. Miaka ya hamsini alikuwa karani katika ofisi moja hapa Tanga. Kila alipoletwa bwana mpya kutoka Uingereza, babu ndiye aliyemwonyesha kazi: majalada yako wapi, barua hujibiwa vipi. Akishajua, yule kijana huketi meza ya mbele, babu akabaki ya nyuma. Meza za katikati zilikuwa za Wahindi. Shule, hospitali, mishahara, vyote vilipangwa kwa ngazi hizo tatu. Hata uchaguzi wa 1958 ulikuwa wa kura tatu: mpiga kura sharti achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, katika nchi yenye Waafrika zaidi ya milioni nane na Wazungu elfu ishirini hivi! TANU walibishana sana Tabora kama wasusie au waingie. Wakaingia.

Unachokikumbuka wewe ni cha Oktoba 1961. Wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, na Mwalimu akasema wazi kwamba muswada wa uraia usiobagua rangi ukishindwa, serikali yake itajiuzulu. Naona fahari kila nikilikumbuka hilo.

Lakini serikali hiyohiyo, mwanangu, ilikuwa ikiwapa Waafrika kipaumbele katika vyeo vya serikali. Babu yako alihamia meza ya mbele mwaka 1962. Kama wangefumba macho wasione rangi, wangetazama vyeti tu, na cheti angekipata wapi, wakati shule za kukitoa hazikumpokea mtoto wa rangi yake?

Sitakuficha upande wa pili. Ofisini mlikuwa na mwenzake Mhindi, mzaliwa wa Tanga, aliyechukua uraia wetu kwa moyo mmoja. Naye akarukwa, mara mbili. Babu alinisimulia hayo akiwa mzee na bado yalimuuma. Januari 1964 Mwalimu akatoa waraka: kipaumbele kile kilihitajika, sasa muda wake umekwisha, raia wote wawe sawa kazini. Viongozi wa wafanyakazi walikasirika, wakaona ni mapema mno. Huenda ilikuwa mapema. Mimi namheshimu kwa yote mawili, kuanza na kukoma.

Kwa hiyo msishindane kama rangi itazamwe au isitazamwe. Ukiniuliza nani ni mwenzetu, rangi haina neno hapo, leo wala kesho. Ukiniuliza nani alisukumwa meza ya nyuma, huwezi kujua usipoitazama rangi, maana ndiyo waliyoitumia kumsukuma.

Huko kwenu wanapenda kumtaja Jaji Harlan wa Mahakama hiyohiyo ya Juu, aliyesema mwaka 1896 kwamba katiba haioni rangi. Kati ya majaji alikuwa peke yake kupinga mabehewa ya treni ya kutenganisha watu kwa rangi huko Louisiana, na ushujaa huo simnyimi. Ila soma aya nzima. Hapohapo anaandika kwamba Wazungu ndio wanaotawala nchi ile kwa heshima, elimu, mali na madaraka, na kwamba hana shaka wataendelea hivyo. Aliyekaa meza ya mbele hapotezi kitu akisema haoni rangi. Waulize wenzako darasani aya hiyo wanaisomaje, kisha uniandikie.

Nimekutumia picha ya babu siku aliyohamia ile meza. Aliyesimama kushoto kwake, mwenye kalamu mfukoni, ndiye yule mwenzake.

Mama yako,
Tanga