Usiiuze The Dark Side of the Moon kabla ya kuisikiliza pande zote mbili mara tatu: mimi niliuza

Usiiuze. Mpigie huyo mnunuzi sasa hivi umwambie santuri haitoki, kisha urudi usome haya kwa utulivu, kwa sababu kila sentensi uliyoiandika niliwahi kuiandika mimi mwaka 2012, karibu neno kwa neno, na gharama yake naendelea kuilipa hadi leo.

Kwa wanaoingia kwenye uzi huu sasa: mleta mada amerithi sanduku la santuri za marehemu mjomba wake, na ndani yake imo The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, toleo la Uingereza la 1973. Amesoma maoni ya wasikilizaji, akakuta nusu yao wanaiita kilele cha muziki wa roki wa miaka ya 70 na nusu wanasema imesifiwa kupita kiasi. Akaisikiliza kwenye simu akiwa ndani ya basi, ikamchosha. Sasa yuko mwenye duka aliye tayari kuichukua kesho. Anauliza kama maoni hayo ni ya kuaminiwa, kama auze, anunue sindano ya aina gani, na baada ya hiyo asikilize albamu ipi. Habari ya sindano nawaachia wengine.

Nianze na hapo kwenye basi, maana ndipo kosa langu lilipoanzia. Baba yangu alikuwa baharia, mzaliwa wa Mombasa, aliyezunguka na meli za mizigo mpaka akachoka, akatia nanga Cardiff, akaoa na kutulea. Nyumbani tulimjua kuwa mtu wa taarabu, basi alipofariki nikakabidhiwa sanduku lake, na kukuta katikati ya santuri za taarabu limo jalada jeusi lenye pembetatu ya kioo na mwale wa rangi, nilidhani ni mali ya mpangaji fulani aliyehama akalisahau. Sikulifungua. Naomba sentensi hiyo fupi uikumbuke.

Kinanda cha santuri sikuwa nacho, kwa hiyo nikaitafuta albamu hiyohiyo kwenye simu na kuisikiliza njiani kwenda kazini, nyimbo zikiwa zimechanganywa ovyo, na programu yenyewe ikitia kimya cha sekunde moja au mbili kati ya wimbo na wimbo. Nikasikia wimbo wa Money, nikatikisa kichwa kidogo. Kisha zikalia saa za ukutani ghafla hadi abiria wa kiti cha mbele akageuka kunitazama. Kisha mwanamke anaimba bila maneno, anapanda na kushuka kama aliyefiwa. Kisha nikashuka kituoni, na kwa akili yangu hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa.

Hapo ndipo nilipokwenda kusoma maoni ya wasikilizaji, na hapo ndipo nilipokutana na mzee mmoja wa jukwaa la mtandaoni, mwenye maelfu ya michango chini ya jina lake, aliyeandika kwa uhakika wa kadhi anayefungisha ndoa kwamba albamu hii ni ya watu wanaoogopa kukiri kuwa wamesinzia, na kwamba tangu toleo lililosafishwa sauti la 2011 lilipotoka, santuri zake za zamani ni kuni tu. Nilimwamini. Nilimwamini mtu ambaye, nilipokuja kumuuliza miaka miwili baadaye, alikiri kwamba hakuwahi kumiliki santuri hata moja, kwa kuwa mke wake hapendi vumbi. Huyo ndiye aliyekuwa mshauri wangu wa mirathi! Mimi naye sikutosheka kudanganywa. Nikaandika maoni yangu mwenyewe, nyota mbili kati ya tano, kwamba ni albamu ya saa za ukutani na droo ya pesa, na watu wakanipongeza kwa ucheshi. Kwa hiyo, mleta mada, inawezekana kabisa kwamba miongoni mwa maoni yaliyokuchanganya akili yamo na ya kwangu. Nimejaribu kuyafuta, lakini neno la siri nimelisahau.

Jumamosi iliyofuata nikaipeleka santuri dukani. Mwenye duka aliitoa kwenye jalada kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasogeza macho karibu na ile karatasi ya duara iliyo katikati, akasoma kimyakimya, midomo ikimchezacheza, herufi ndogo zilizochorwa kwenye plastiki pembezoni mwake. Kisha akalifungua jalada, akachungulia ndani, akalifunga upesi. Akavuta uso wa mtu anayeleta habari za msiba, akaniambia imechakaa, zimejaa sokoni, watu siku hizi hawazitaki, lakini kwa kuwa nimepoteza nauli atanipa pauni 15. Nilimshukuru, nikaenda kula samaki na chipsi kwa pesa hizo, na chenji ikabaki.

Miezi mitatu baadaye jirani yangu, mzee mstaafu wa reli, alinialika chai. Alikuwa na albamu hiyohiyo, akaniambia ataiweka kwa sharti kwamba hakuna atakayesema neno mpaka upande uishe. Mwanzoni nilidhani spika zake zimekufa, kwa maana hakukuwa na kitu. Kisha yakaja mapigo ya moyo, taratibu, juu yake tiki-taki ya saa, droo ya pesa, mtu anacheka, mwanamke anapiga ukelele, na ukelele huo ukafunguka ukawa wimbo wa kwanza wenye gitaa, Breathe. Sikujua wakati huo kwamba vipande vile vya mwanzo vimekatwa kutoka nyimbo zijazo, yaani albamu inakuonjesha yote kabla hujajua unaonja nini, na ndiyo sababu mtu aliyeisikiliza mara moja hajasikia hata mwanzo wake. Zikaja nyayo za mtu anayekimbia, tangazo la uwanja wa ndege, mlipuko. Moshi wa mlipuko ule haujatulia masikioni, saa zikaanza kugonga mbali, kisha zikalia zote kwa pamoja. Fundi mitambo Alan Parsons alikuwa amezirekodi moja moja katika duka la saa za kale. Kule kwenye basi zilinikera kwa sababu zilitokea baada ya wimbo usiohusiana nazo. Hapa zilikuwa zinamkamata yule aliyekuwa akikimbia. Na wimbo huo wa Time ukielekea kwisha, unarudi ule mwendo wa Breathe uliopita dakika nyingi nyuma, kama mtu anayefika nyumbani akiwa amechoka. Sasa niambie, wewe uliyezichanganya nyimbo, utatambuaje kwamba kitu kimerudi ilhali hujui kilikwenda?

Mzee akanyanyuka kugeuza santuri. Hata ule muda wa kuigeuza una kazi yake, maana sauti ya Clare Torry, yule mwanamke anayeimba bila maneno, imetoka kukuacha hujui uweke wapi mikono, na upande wa pili unakupokea na sarafu. Roger Waters wa Pink Floyd alizirekodi sarafu hizo akizirusha katika bakuli ambalo mkewe alilitumia kwenye kazi ya ufinyanzi, kisha vipande vya utepe vikaungwa kuwa duara linalozunguka kwa mapigo saba. Ndiyo maana mguu wako unakosea ukijaribu kuufuata wimbo, mpaka gitaa la David Gilmour linapoingia na mapigo yanakuwa manne. Mwishoni kabisa mapigo ya moyo yanarejea, na mlinzi wa mlango wa studio ya Abbey Road, ambaye Waters alimhoji kwa maswali yaliyoandikwa kwenye kadi, anasikika kwa mbali akisema kwamba kwa kweli mwezi hauna upande wa giza, kwa sababu wote ni giza. Paul McCartney wa Beatles naye alihojiwa kwa maswali hayohayo, na majibu yake hayakutumika. Ya bawabu yakatumika. Nilikaa na kikombe cha chai kilichopoa, nikawaza: santuri hii ilikuwa kwangu.

Nilirudi dukani Jumatatu, na nikaikuta ndani ya kabati la kioo. Pauni 380. Kadi iliyobandikwa ilieleza kwamba ni chapa ya kwanza, namba SHVL 804 ya lebo ya Harvest, yenye pembetatu ya buluu iliyojaa rangi katikati (chapa za baadaye zina mistari ya kingo peke yake), pamoja na mabango yake mawili na stika zake mbili. Chini, kwa herufi ndogo, iliandikwa: kasoro, maandishi ya kalamu ndani ya jalada.

Nikaomba kuona. Jalada lile likifunguliwa lina maneno ya nyimbo na mstari wa mapigo ya moyo unaokatiza kutoka upande mmoja hadi mwingine, na juu kidogo ya mstari huo, kwa mwandiko ulioinamia kulia niliouona kwenye kila fomu ya shule niliyowahi kupeleka, baba yangu alikuwa ameandika: "Haiazimwi. Aprili 1973." Mtu ambaye hakuwahi kutuambia kwamba anasikiliza roki alikuwa ameinunua ikiwa ni mpya kabisa dukani, akaipenda kiasi cha kuwakataza wenzake wa melini wasiiguse. Na mimi nikawa nimeiuza bila kulifungua jalada. Kwa yule mwenye duka hiyo ilikuwa kasoro. Nilimsihi anirudishie kwa bei yoyote ya kiungwana, akanijibu kwamba biashara ni biashara. Niliporudi mwisho wa mwezi na fedha za kukopa, kabati lilikuwa na santuri nyingine. Clare Torry alilipwa pauni 30 kwa kazi yake ya Jumapili moja ya Januari 1973, akafungua kesi mwaka 2004, na mwaka uliofuata yakafikiwa makubaliano hata jina lake likaandikwa miongoni mwa watunzi wa wimbo ule. Mimi sikuwa na hata wa kumshtaki, isipokuwa nijishtaki mwenyewe, na wakili wangu angekuwa yule mzee wa jukwaa.

Sasa kanuni yangu, na ukisahau mengine yote uishike hii: usisome maoni ya mtu yeyote, usiandike ya kwako, na usiamue chochote kuhusu albamu hii mpaka uisikilize upande wa kwanza na wa pili, kwa mpangilio wake, kutoka kwenye santuri yenyewe, mara tatu, simu ikiwa chumba kingine. Ina dakika zipatazo 43, kwa hiyo nakuomba saa mbili na ushei tu za maisha yako. Wanaokuambia ni mbovu, wengi wao waliisikia vipande vipande kama mimi. Wanaokuambia ni bora kuliko zote, wengi wao wanakariri hesabu, nakala zaidi ya milioni 45, bila kusema walisikia nini. Kama lazima uchukue hesabu moja, chukua hii: huko Marekani albamu hii ilikaa namba moja kwa wiki moja pekee mwaka 1973, lakini kati ya mwaka huo na 1988 ilihesabiwa wiki 741 kwenye orodha ya albamu 200 ya jarida la Billboard. Watu waliirudia na kuirudia. Hata wanamuziki wenyewe walikuwa wameipiga jukwaani zaidi ya mwaka mzima kabla haijatoka, na mara ya kwanza, Brighton, Januari 1972, mitambo iliwashinda katikati ya Money wakashindwa kuendelea. Kama wao walihitaji mwaka, wewe unaihukumu vipi kwa safari moja ya basi?

Baada ya mara tatu ukiichukia, ichukie kwa haki yako. Mimi mwenyewe hadi leo wimbo wa Any Colour You Like haujaniingia, na sioni aibu kulisema hilo. Kuhusu albamu ya kufuata, kwanza imalize hii.

Tangu mwaka ule, kila duka la santuri ninaloingia, iwe Cardiff, Bristol au London, naiulizia hii, naifungua, natazama juu ya ule mstari, naifunga, naondoka. Wauzaji wawili wamekwisha kunizoea na hawaniulizi tena kama nanunua. Basi kabla ya jambo lolote, mleta mada, lifungue jalada la mjomba wako, utazame ndani vizuri, kisha urudi hapa utuambie karatasi ya katikati ina pembetatu ya namna gani, na kama kuna maandishi, yanasemaje.