Maswali ya Wasomaji: Baridi ya Njombe na Mgandamizo wa Mbali

SWALI: Mhariri, kila Juni taarifa za hali ya hewa husema kuwa mgandamizo mkubwa wa hewa unaimarika kusini mwa Bahari ya Hindi, kisha baridi huzidi huku kwetu. Mambo hayo yanahusianaje? Nikinunua baromita, kile kifaa cha kupimia mgandamizo wa hewa, je, nitaweza kujitabiria mwenyewe?
Msomaji, Njombe

JIBU: Hewa ina uzito, na uzito huo haulingani kila mahali. Penye mgandamizo mkubwa hewa hushuka, kisha humiminika kuelekea penye mgandamizo mdogo, na mmiminiko huo ndio upepo. Wakati wa kipupwe, mgandamizo mkubwa ulioko kusini-mashariki mwa Morisi na Reunion huimarika. Na kwa kuwa katika nusu ya kusini ya dunia upepo huuzunguka kinyume na mishale ya saa, ule unaopita upande wake wa kaskazini hutufikia kutoka kusini-mashariki, ukiwa na ubaridi wa bahari ya kusini. Wavuvi wa pwani huuita kusi. Ukipanda miinuko ya kwenu, hupoa zaidi.

Hata hivyo, kusi si mkosaji pekee. Usiku mawingu yanapotoweka na upepo kutulia, ardhi hupoteza joto lake bila kizuizi, na alfajiri sakitu, yaani barafu nyembamba juu ya majani, huonekana katika uwanda wa Kitulo. Kwa hiyo mtabiri wa halijoto hawezi kutosheka na ramani ya mgandamizo. Asipokadiria vizuri mawingu ya usiku, atakosea kipimo cha alfajiri.

Kuhusu baromita, ningekushauri uhifadhi fedha zako. Njombe, iliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, itakuonyesha takriban hektopaskali 810 (hektopaskali ni kipimo cha mgandamizo), ilhali wastani wa usawa wa bahari ni 1,013. Ndiyo maana vituo vya hali ya hewa husahihisha vipimo viwe kana kwamba vyote vimepimwa usawa wa bahari, kabla ya kuvilinganisha. Isitoshe, katika tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, mithili ya maji kujaa na kupwa: hufika kileleni karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, na huwa chini karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Tofauti hiyo ya hektopaskali mbili au tatu mara nyingi huyafunika mabadiliko yanayoletwa na hali ya hewa yenyewe. Mkazi wa Uingereza akiona sindano inashuka hujiandaa kwa mvua. Wewe ungejiandaa kila alasiri.

Kipimajoto cha kawaida kilichowekwa kivulini kitakufaa zaidi, hasa ukiandika kando ya kila kipimo cha alfajiri kama usiku uliotangulia ulikuwa na mawingu.